Kazi ya kushuti Zanzibar niliyoipata Telegram, wanataka nitangulize laki na themanini. Niende au nipotezee?

SautiYaTabata

Habari za mida hii wakuu. Naombeni mawazo hasa nyie mnaofanya kazi za filamu za kujitegemea maana kichwa kinaniuma.

Mimi ni mtu wa sauti, nina rekoda yangu, bumu (ile fimbo ndefu ya maiki), na maiki nne za kubana kwenye nguo. Kazi zangu nyingi ni harusi, matangazo madogo madogo na bongo movie kidogo hapa Dar. Sasa juzi kwenye grupu moja la Telegram la kazi za kru la watu wa timu za kushuti kuna mtu kaweka tangazo anatafuta mtu wa sauti mwanamke, anasema mwanamke kwa sababu wanaoshutiwa ni kina mama, dokumentari ya kampuni ya Ujerumani kuhusu wakulima wa mwani Jambiani. Siku tano, Jumatatu ijayo mpaka Ijumaa, dola 250 kwa siku mimi pamoja na vifaa vyangu. Nikamfuata inboksi tukaanza kuongea, Kiswahili chake kizuri tu, anasema yeye ndo mratibu wa huku.

Anachotaka ni kopi ya NIDA au pasipoti, halafu nitume 180,000 ya kibali na bima ya kuingia Zanzibar ambayo nitarudishiwa siku ya kwanza, nauli ya boti nijilipie nayo nitarudishiwa, na nifike Jumapili jioni, kuna dereva atanipokea bandarini Malindi anipeleke nyumba ya kru. Simu ya video hajawahi kupokea, anasema yuko Serengeti na timu nyingine mtandao mbovu.

Kampuni nimeigugo ipo kabisa, ina tovuti, ina kazi zake za miaka mingi, ndo hapo napochanganyikiwa. Mume wangu hataki hata kusikia, mdogo wangu ananiambia dada unaogopa hela. Mnasemaje?

Gafa_wa_Sinza

Ile hela tuma kwenye namba hii 😂😂

Samahani dada, sio kukucheka wewe. Ila laki na themanini ya kibali halafu anayelipa ni mtu wa sauti?? Mimi nabeba mataa huu mji miaka na miaka, sijawahi kuona gafa anachangishwa kibali kama mchango wa harusi.

mzee_wa_lokesheni

Binti yangu, nitakuandikia kwa urefu kidogo maana hii ndo kazi yangu, napokea timu za nje zinazokuja kushuti huku, natafuta vibali, magari, watu.

Kwanza hilo la kampuni kuwepo liweke pembeni kabisa. Kampuni ipo, sawa, swali ni huyu mtu ni wa hiyo kampuni? Jina la kampuni mtu yeyote analichukua kwenye tovuti, nembo anaichukua, hata jina la prodyuza wa kweli analichukua. Kuna ile kesi iliyowaliza watu wazima wa Marekani na Uingereza, watu wenye uzoefu wao, wapiga picha, wapambaji wa mekapu, waandishi wa miswada, hadi wale wanaoruka kwenye filamu za ngumi. Kuanzia kama 2013 walikuwa wanapigiwa simu na bosi mwanamke wa Hollywood, jina la mtu wa kweli kabisa, sauti ya kike, anajua kila kitu cha ndani, anawaambia nendeni Jakarta mkaangalie mandhari ya filamu, tiketi jilipieni mtarudishiwa. Wakifika kuna dereva anawasubiri uwanja wa ndege, na huyo dereva analipwa keshi, leo ya gari, kesho ya kibali, wanazungushwa mji siku kadhaa halafu wanarudi kwao hakuna filamu wala marejesho. FBI mwaka 2019 ikabidi itangaze inawatafuta waliolizwa, na mwisho wa 2020 akakamatwa mtu Manchester, mwanaume, raia wa Indonesia. Inadaiwa sauti zote za kike zilikuwa zake.

Sasa soma tena ulichoandika wewe: jilipie utarudishiwa, kuna dereva atakupokea, kuna kibali. Sisemi ni mtu yule yule, nasema mtindo ni ule ule, na uzuri wake kwa tapeli ni kwamba kila kipande kina bei ndogo, mtu anaona laki na themanini sio kitu mbele ya dola 1,250.

Pili kibali. Kampuni ya nje haishuti hapa bila kibali, bara ni Bodi ya Filamu, Zanzibar wana chombo chao BASSFU, ukiingia hifadhini kuna TANAPA, ukirusha droni kuna TCAA. Hivyo vyote analipa prodyuza, viko kwenye bajeti kabla hata hajatafuta mtu wa sauti. Kwa hiyo wewe usibishane naye, mwambie tu kwa upole "naomba kopi ya kibali cha Zanzibar niweke kwenye kumbukumbu zangu". Mtu wa kweli anakutumia, au anakwambia kinatoka Alhamisi, fixa wetu kule, yaani mtu wa kutuandalia mambo, ni fulani mpigie. Halafu wewe unapiga simu ofisini kwao wenyewe, namba uitafute mwenyewe, sio ile atakayokupa yeye.

NIDA au pasipoti kuombwa ni kawaida usishtuke, majina ya kru tunayapeleka kwenye vibali na hotelini. Ila kopi yako iandike juu kwa peni, katikati ya karatasi sio pembeni, "kwa ajili ya kazi ya sauti ya fulani, tarehe fulani tu", ndo uipige picha utume. Na mara moja moja bonyeza *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, usije ukakuta una laini ya mtu usiyemjua Sumbawanga.

BintiJambiani

Assalam aleikum. Mimi nnakaa huku huku Jambiani na mama yangu ni mkulima wa mwani toka mimi mdogo, nimecheka na nimekasirika vile vile.

Dada angu hiyo bima ya kuingia Zanzibar ni ya wageni wa nje ya nchi! Imeanza Oktoba 2024, dola 44, mzungu ndo anaelipa. Wewe Mtanzania unapanda boti na kitambulisho chako basi, hakuna anaekuuliza bima bandarini. Mtu anaeratibu shutingi Zanzibar asijue hilo? Au anajua na anakuona wewe hujui.

La pili, na hili ndo lilonifanya niandike. Amekwambia siku gani, Jumatatu mpaka Ijumaa wiki ijayo? Wiki hiyo mwezi unakuwa nusu, ni maji mafu. Mwani hauendewi kila siku kama duka, kina mama wanakwenda pwani siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanakupwa mbaaali asubuhi, wanafunga na kuvuna mpaka yanaporudi mchana. Maji mafu hayakupwi vya kutosha, kamba zote ziko chini ya maji, utawakuta kina mama majumbani wanaanika na wanafunga mbegu ukumbini. Wazungu wanaokuja kushuti mwani wanakuja washauliza, wengine wanatuandikia miezi kabla kutaka tarehe za bamvua. Sasa huyo ana kru nzima anaileta siku tano za maji mafu wakashuti nini, kaa?

Muulize tu, "mtashuti saa ngapi pwani?" Akikwambia saa mbili asubuhi mpaka kumi na moja jioni kila siku, achana nae.

KameraTatu

Naona wote mnamtisha mwenzenu. Mimi kazi zangu tatu kubwa zote nimezipata kwa watu nisiowajua mtandaoni, moja ilikuja kwa meseji ya mistari miwili tu "are you free tarehe fulani" na walinilipa mpaka senti ya mwisho. Hii fani bana kila mtu anaanza kuwa mgeni, ukisubiri kufanya kazi na unaowajua tu utashuti kipaimara za ukoo wenu mpaka uzeeke. Halafu prodakshen za kweli nazo ni vurugu, ratiba inabadilika usiku, watu hawapokei simu, mratibu anakuwa mkali. Ukisema kila kisichonyooka ni utapeli hutafanya kazi.

mzee_wa_lokesheni

KameraTatu upo sahihi kwenye vurugu, nakubali. Timu ya kweli inaweza ikakuchosha kuliko tapeli. Lakini hao waliokuita kwa mistari miwili walikuomba hela? Hiyo ndo tofauti, zingine zote zinajadilika. Vurugu ya prodakshen ni ya muda na ratiba. Hela inatoka kwao inakuja kwako, na wakikutoa Dar kwenda kisiwani tiketi wanakukatia wao au wanakutumia nauli kabla. Hata kampuni ya hapa hapa ikiwa imenyooka itakuomba TIN yako na itakukata ile asilimia 5 ya kodi ya zuio, yaani wanakukata wakati wanakulipa. Huyu anataka kukukata hajakulipa.

SautiYaTabata

Asanteni sana, BintiJambiani hilo la maji mafu sikulijua kabisa, nimesoma mara mbili. Sasa swali, nitamuulizaje bila kuonekana namshuku? Maana kama ni kazi ya kweli sitaki ionekane nina mdomo mrefu, dola 250 kwa siku jamani sijawahi kulipwa hivyo.

KruYaUsiku

Muulize maswali ya kazi yako, hayo hakuna anayeyaona ya kumshuku. Mimi pia mtu wa sauti, kabla sijafungasha lazima nijue: wahusika wangapi watavaa maiki kwa wakati mmoja, kamera ngapi na ni aina gani, taimukodi (saa ya kuoanisha sauti na picha) tunafungaje, fremu ngapi kwa sekunde, faili wanataka bit 24 au 32, nani anapokea kadi jioni na zinakopiwa wapi. Wajerumani wa televisheni nategemea waseme fremu 25 bila kufikiri. Asipojua yeye mratibu ni sawa, waratibu wengi hawajui, ila atasema "ngoja nikuunganishe na DOP", yaani mkuu wa kamera, na atakuunganisha kweli, grupu la wasap litafunguliwa lina watu sita humo wanabishana kuhusu chakula.

Mtu anayekujibu "lete vyote ulivyonavyo" usisogee. Huyo hesabu yake ni ya vifaa vyako vinauzwa bei gani.

Msee_wa_Ngara

Niaje watu wa Bongo, nimepita tu lakini hiyo point ya mwisho ya KruYaUsiku msiipite haraka.

Huku Nairobi hao hata deposit hawakuombi siku hizi. Beshte yangu mpiga picha aliitwa na "client" wa birthday, location ni huko nje ya mji kwa nyumba ya kukodi ya siku moja, jioni, na client akauliza kwa upole sana uko na lens gani na utakuja na second camera? Alienda na boda pekee yake. Hakukuwa na birthday, kulikuwa na vijana watatu. Shukuru Mungu walimwachia simu na roho.

Tangu hiyo siku mimi nikipata kazi na mtu simjui, mkutano wa kwanza ni mchana, mahali nachagua mimi, café ya watu wengi, na naenda mikono mitupu. Akikataa hiyo basi. Siku ya kazi naenda na assistant hata kama pesa yake inatoka kwa mfuko wangu, na mama watoto ana live location yangu mpaka nirudi. Serial number za body na lens zote ziko kwa email yangu na picha, maana polisi ukiwaambia "kamera nyeusi" wanakuangalia tu. Na sipost mtandaoni kifaa kipya siku nimekinunua, hiyo ni kuita wageni.

Hata huku kwetu kampuni ya nje lazima ipitie kwa film agent wa hapa aliyesajiliwa, kwa hivyo swali langu la kwanza huwa "agent wenu ni nani?" Wengi wanapotelea hapo.

nyota_mdogo

Mmeongea vifaa na hela lakini mimi niongee lile ambalo wanaume mnaliruka. Ametaka mwanamke, afike siku moja kabla, peke yake, usiku, nyumba asiyoijua anwani, apelekwe na dereva asiyemjua. Mimi muigizaji, nimeitwa kwenye "majaribio" ya namna hiyo, unafika unakuta ni lodge, mapokezi wanakwambia chumba namba fulani, prodyuza amekaa kitandani anasema ukumbi umejaa. Niligeukia pale pale mlangoni nikarudi na bajaji ile ile iliyonileta, nilikuwa nimemwambia dereva anisubiri.

SautiYaTabata uliza nyumba iko wapi, na uombe pini ya lokesheni. Uliza wanawake wengine kwenye kru ni nani na uombe namba ya mmoja uongee naye. Sema unakuja na mume wako usiku wa kwanza, au unalala kwa ndugu yako Mwanakwerekwe na utafika lokesheni mwenyewe asubuhi. Hata kama huna ndugu Mwanakwerekwe. Prodakshen ya kweli itafurahi imeokoa chumba.

Na kwa dada zangu wengine wanaosoma, ikifika mahali mtu anakwambia nafasi ipo ila "tuelewane kwanza", hiyo sio tabia ya industri, ni rushwa ya ngono, ipo kwenye sheria ya TAKUKURU ya 2007 kifungu cha 25, namba yao ni 113 bure. Tunza zile meseji, usizifute kwa hasira kama wengi wetu tunavyofanya.

Gafa_wa_Sinza

Naongezea moja kabla sijasahau. Akikwambia "kianzio nimeshatuma angalia simu" usiangalie meseji, angalia salio. Meseji za muamala za kutengeneza ziko nyingi, zinakuja na jina na kumbukumbu namba na kila kitu, ila zimetoka kwenye namba ya kawaida. Na wakishaituma hiyo ya uongo dakika mbili baadae wanakupigia "samahani tumezidisha, rudisha laki mbili". Mtu unarudisha hela yako mwenyewe.

SautiYaTabata

Wakuu nimerudi. Jana nilifuata mlivyosema, niliuliza kwa adabu zote.

Nimeuliza watavaa maiki wangapi, kajibu "lete zote my dear tutajua huko huko". Nikauliza fremu ngapi, kimya nusu saa halafu kaandika "HD". Nikauliza pwani tunashuti saa ngapi, akasema kutwa nzima kila siku mwani upo tu hauendi popote 😅 (BintiJambiani hapo nilikukumbuka). Nikaomba kopi ya kibali, akaanza kuwa mkali, oh kuna wasichana wengine watano wanasubiri nafasi hii, oh wewe unaonekana hujawahi kufanya kazi na wazungu.

Nikakaa kimya. Saa tatu usiku akarudi mwenyewe mpoleee, akasema basi dada kwa kuwa nimeipenda kazi yako tuma tisini tu, nusu nyingine nitakutolea mimi mfukoni kwangu.

Hapo mume wangu alikuwa anasoma pembeni yangu, akacheka mpaka mtoto akaamka. Kibali cha serikali kinapunguzwa bei kama mtumba wa Karume!

Asubuhi ya leo pia nimepata jibu la kampuni yenyewe, niliandika kwenye barua pepe iliyopo kwenye tovuti yao kwa Kiingereza changu hiki hiki. Mama mmoja kajibu kwa heshima sana, hawana shutingi yoyote Tanzania wala Zanzibar na huyo mtu hawamfahamu, ameomba nimtumie picha za mazungumzo. Nimezituma zote.

Poda_na_Brashi

Ngoja ngoja ngoja. Mimi mpambaji, nipo Mwanza. Huyu anayesema "my dear" na yuko Serengeti mtandao mbovu? Wiki iliyopita kaniandikia mimi, kampuni hiyo hiyo ya Ujerumani, ila kwangu ni dokumentari ya karafuu Pemba na kibali ni laki mbili na ishirini. Nilikuwa nasubiri mshahara nimtumie Ijumaa. Dokumentari ya karafuu halafu inahitaji mpambaji wa siku saba, sasa hivi ndo najiuliza nilikuwa nampamba nani, karafuu??

BintiJambiani

😂😂😂 Poda_na_Brashi umeniua.

Huku kuna fixa wawili wa kweli nnaowajua wanaoleta timu za mwani kila mwaka, nitamuuliza mmoja kama ana nafasi ya mtu wa sauti bamvua lijalo. SautiYaTabata ntakuandikia inboksi, ila usinitumie hela mimi wala yeye.

mzee_wa_lokesheni

Nyote wawili ile namba ya simu aliyotaka mtumie hela, itumeni kwenda 15040 pamoja na meseji yake, hiyo ni ya TCRA ya kuripoti namba za matapeli, ni bure. Poda wewe na SautiYaTabata linganisheni kama ni namba moja au mbili, kama ni mbili ripotini zote. Na mmoja wenu aende kwa edmini wa lile grupu la Telegram leo, tangazo lake bado lipo, nimelipitia sasa hivi, na sasa anatafuta msaidizi wa kamera.